Spika Mpya na Nyumba ya Mawe



Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ameniletea suala ambalo nadhani si lake peke yake. Mumewe alinunua spika kubwa kwa pesa zilizowekwa akiba ya kutengeneza paa. Dukani zilipendeza. Haukutimia mwezi, bwana akaanza kulalamika kuwa sauti ni nzito na maneno ya msomaji wa Qur'ani hayapambanuki. Sasa ataka kuziuza kwa hasara anunue kubwa zaidi, na masika yakaribia. Mama auliza: je, mwenye duka halazimiki kuzipokea?

Khiyari ya kurudisha kwa aibu huthubutu pale bidhaa inapokuwa na kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi hatakiwi kukawia akishaigundua. Kutopendezwa si kasoro. Lau walishurutiana kujaribu, muda wake haupindukii siku tatu. Yabakia iqala, yaani wawili kuvunja mauzo kwa kuridhiana, jambo lenye fadhila kwa muuzaji lakini si wajibu juu yake. Basi bwana aombe kwa upole, asiende kugomba.

Hata hivyo, kabla ya kuzilaumu spika na tuitazame nyumba. Muuzaji hufungulia kwa nguvu, kwani sikio la mwanadamu husikia besi vyema zaidi sauti inapopandishwa. Na duka lililosheheni maboksi halina mwangwi mwingi. Nyumbani mna kuta za mawe na marumaru chini. Sauti hugonga ikarudi, herufi moja haijesha nyengine imeifikia. Spika ikisukumwa kwenye pembe ya chumba, kuta huongeza besi, nayo besi huzifunika zile sauti nyembamba zitupambanuliazo sini na thaa. Isitoshe, sisi watu wa pwani twakaa mkekani ilhali spika twazipandisha juu ya kabati! Sauti nyembamba haipindi kona kwa wepesi kama besi. Yapita juu ya vichwa vyetu ikawasomea mijusi.

Azitoe pembeni, aziteremshe zielekee masikio ya walioketi, azitenge na ukuta kadiri ya dhiraa mbili. Zulia na mapazia mazito yatasaidia mno, na besi aipunguze. Ama hizo kubwa azitamanizo, wati zikiwa maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili isikike kama imeongezeka mara mbili, zahitajika wati mara kumi hivi. Na ndani ya chumba kile kile, atapata mvumo ule ule, kwa bei kubwa zaidi.

Liko jengine ambalo mama hakuliuliza. Ikiwa katika zile pesa za paa mlikuwa na zake, za kushona au za mahari, hizo ni mali yake. Mume hana ruhusa kuzitumia bila idhini, na akishazitumia ni deni hadi alipe au asamehewe kwa ridhaa, si kwa haya. Wakae wawili, spika zikiwa zimezimwa, wahesabu kilichosalia, kisha wamwite fundi wa paa wiki hii.