Novemba Mosi Haimngoji Mtu

Mpwa wangu, kijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa, alinijia baada ya Magharibi siku moja ya Oktoba 2024. "Mjomba," akanambia, "nataka kuomba chuo Marekani, yale maombi ya mapema." Nikamuuliza siku ya mwisho ni lini. Novemba mosi. Na mtihani wa SAT ushaufanya? Akainama. Wa Oktoba ulikuwa umepita tangu tarehe 5, na uliofuata ulikuwa Novemba 2, siku moja baada ya mlango kufungwa. Viko vyuo vinavyozipokea alama za Novemba; alichokitamani yeye hakikuwamo.

Sikumlaumu. Nalijilaumu mimi niliye mkubwa, nisiyemuuliza mapema.

Wakati wa korona vyuo vingi vya Marekani viliufanya mtihani huo kuwa hiari, na wengi wetu huku tukadhani umekwisha. La hasha! MIT iliurudisha mwaka 2022, na 2024 Dartmouth, Brown na Harvard zikatangaza vivyo hivyo. Sasa hufanywa kwa kompyuta, na alama hungojwa kama wiki mbili. Basi fanya hesabu, ndugu msomaji. Anayeufanya Oktoba apata alama zake maombi yakikaribia kufungwa, na zikiwa mbaya hana nafasi ya kurudia. Na mtoto wetu wa kidato cha nne, mwisho wa Oktoba ana KCSE mbele yake. Kumtwika yote mawili kwa mpigo ni kumdhulumu.

Labda utasema, na aufanye mapema mwaka huo. Mwaka 2025 mtihani wa Machi ulikuwa tarehe 8, ndani ya Ramadhani. Sisemi saumu yazuia akili. Wazee wetu wakisoma darsa mchana kutwa na midomo mikavu. Lakini aliyesali tarawehe na kuamkia daku yafaa ajue tangu mwanzo kwamba siku hiyo yaja. Wa Juni ulikuwa tarehe 7, ndani ya siku za Idd ya kuchinja, na sijui mama gani mtaani kwetu angefurahi kumuona mwanawe akitoka na kompyuta kwapani. Wapangaji hawakutukusudia ubaya. Wao wafuata kalenda yao, na mwezi wetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kwa hiyo hesabu ya mwaka huu haifai mwakani.

Rai yangu ni kwamba mtoto aanze akiwa kidato cha tatu, Mei au Agosti, kisha arudie Agosti ya kidato cha nne, shule zikiwa bado likizoni. Oktoba iachiwe KCSE.

Na aliyechelewa asikimbilie. Amalize KCSE kwanza, aombe mwaka unaofuata. Najua maneno ya barazani: mtoto wa fulani yuko bure nyumbani! Waache waseme. Kibaya zaidi ni haraka yenyewe, kwani baadhi ya maombi hayo ya mapema hufunga: ukikubaliwa huna budi kwenda, na mzazi hutia sahihi. Nimewaona wazazi wakitia sahihi karatasi ambazo hawakuzisoma, na karo ya huko si ya mchezo. Usitie kidole kabla hujajua chuo chenyewe kitamsaidia mwanao kwa kiasi gani.

Mpwa wangu alingoja. Aliufanya mtihani Mei 2025, akarudia Agosti, na maombi yake yakaenda wiki mbili kabla ya Novemba mosi. Dadangu bado hapendi aende mbali hivyo, lakini hayo twazungumza wenyewe nyumbani.