UKINGO WA MTO NI WA NANI?



Liko neno linalotembea katika mji wetu wa Arusha, kutoka maofisini hadi vijiweni, nalo ni "kupendezesha mji". Limepata nguvu tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na uwanja mpya ukaanza kuinuka kule Olmoti. Wageni watakuja. Watalala wapi, na watakula wapi? Wale wanaojiona wamekwisha endelea wana jibu tayari: ijengwe migahawa ya kisasa kando ya mito yetu, Themi na Naura, yenye miavuli, taa za rangi na muziki wa polepole.

Hatupingi mgahawa. Twasema hivyo mapema, maana hawakosekani watakaotuambia kwamba sisi wa Levolosi tuna wivu, tumezoea vumbi la sokoni Kilombero na hatupendi kitu kizuri. Kitu kizuri twakipenda sana. Nani asiyependa kula wali wake penye kivuli, akisikia maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru? Swali letu ni jingine. Ukingo wa mto ni mali ya umma. Barabara inayofika hapo ni ya umma, bomba la maji ni la umma, mfereji na nguzo ya taa ni vya umma; na sehemu kubwa ya barabara na mifereji ya mji huu imejengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia ambayo hata mchuuzi wa nyanya anailipa katika kodi ya sukari na sabuni. Basi mgahawa utakaowekwa juu ya mali hiyo yote umechorwa kwa ajili ya nani?

Mji huu una historia yake na mito. Wajerumani walijenga Boma mwaka 1900, na baadaye chini ya Waingereza mto ukawa mpaka: ng'ambo ya mashariki ya Themi, penye miti na ubaridi, ndiko Uzunguni, katikati maduka, na Mwafrika akasukumwa upande wa magharibi, Kaloleni na Ngarenaro. Ngarenaro yenyewe ni jina la maji, maji meusi kwa Kimaasai, lakini mwenye jina la maji hakupewa ukingo wa kukaa. Na mwaka 1951 Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki ili wapewe masetla, kilichotakiwa kilikuwa ardhi yenye malisho na maji. Kirilo Japhet akavuka bahari mwaka 1952 kwenda kuusema uovu huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi kwamba mgahawa wenye miavuli ni sawa na kuchomewa nyumba. Huko kutakuwa kutia chumvi. Twasema kwamba katika nchi hii maji na ukingo wake havikupata hata siku moja kuwa jambo dogo.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kabwela anaijua sheria hiyo vizuri kuliko mawakili, maana ameisoma ukutani kwake kwa rangi nyekundu, herufi X. Desemba 2015, Bonde la Msimbazi kule Dar es Salaam, watu waliisoma kwa tingatinga. Je, mita 60 za kabwela ni ndefu kuliko mita 60 za mwenye mtaji? Kama mama mwenye kibanda cha mabati aliambiwa ondoka, mto utafurika, basi zege la mgahawa nalo litafurikiwa. Mto hausomi leseni. Aprili 2024 hapa hapa Arusha maji ya mvua yalisomba gari lililobeba watoto wa shule, na wazazi wakazika. Baada ya msiba ule, mtu anayetaka kubana njia ya maji kwa ukuta wa mapambo inafaa aeleze kwanza maji yatapita wapi.

Wapo watakaouliza: basi mwataka ukingo ubaki kichaka na jalala? La hasha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akisema jibu si hili, sharti aoneshe kwenye ubao lilivyo. Basi tuoneshe.

Jiko liwe nyuma, upande wa barabara, ambako bomba la maji safi na bomba la maji machafu yapo au yanafikika. Huko ndiko zege liruhusiwe, nje ya zile mita 60. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe mferejini. Yapitie shimo la kuyanasa kabla maji hayajaingia kwenye bomba, na shimo hilo lizolewe kila wiki na mtu anayejulikana jina. Jambo hili twalikazia kwa sababu Themi haiishii mjini. Chini huko wakulima wanamwagilia mboga tunazozila sisi wenyewe; kisha mto unaingia Kikuletwa, unafika Nyumba ya Mungu wanakovua samaki, na mwisho wake ni Pangani. Anayemwaga mafuta Arusha amemwagia nusu ya kaskazini.

Mbele, upande wa maji, pasiwe na jengo. Pawe na miti, nyasi, meza na mabenchi yanayoweza kunyanyuliwa wingu likitanda mlimani. Na kati ya meza na mto ipite njia ya watu wote. Angalia sana hapo, ndugu msomaji, kwa kuwa ndipo ujanja wote unapojificha. Mchoraji akiipitisha njia nyuma ya mgahawa, karibu na mapipa ya taka, mto umekwisha kuuzwa bila mtu kutia sahihi. Njia ikiwa mbele, mtoto wa Levolosi asiye na senti atapita, ataangalia maji, atakaa kwenye benchi bila kuulizwa unaagiza nini. Na choo kiwe cha umma, mlango wake uangalie njia. Tumekwisha ona michoro mizuri yenye chemchemi na sanamu, choo hakuna. Labda waliochora hawakukusudia watu wakae muda mrefu.

Mambo haya si ndoto. Pale Forodhani, Zanzibar, bustani iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultani ilichakaa kabisa. Ikatengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan kwa Utamaduni, ikafunguliwa Julai 2009. Walitengeneza ukuta wa bahari, mitaro na taa, nao wauzaji wa usiku hawakufukuzwa, walipangiwa mahali. Hata leo mtalii na mchukuzi wa bandarini wananunua pweza na urojo kwenye meza zilizokaribiana. Na kwetu? Hapa hapa, ukingoni mwa Themi, Jiji pamoja na shirika la Oikos walifanya bustani ya umma, na kina mama wa kikundi wakapika humo vyakula vya kwetu, watu wakala chini ya miti. Kumbe kielelezo kipo umbali wa kutembea kwa miguu, na bado mabwana wanapanda ndege kwenda kutazama Dubai!

Hapo ndipo tunapokutana na ile kasumba. Wapo ndugu zetu, weusi kama sisi, wamekaa nyuma ya meza ambazo zamani zilikaliwa na wengine, nao wanasema mama lishe ni mchafu. Mchafu kwa nini? Mpe bomba, mpe sinki, mpe sakafu inayosafishika na pa kumwaga maji, kisha ndipo umkague. Mnamnyima maji halafu mnamcheka kwa mikono yake! Mama huyo ndiye aliyelisha waliojenga barabara mnazopitisha magari yenu. Ndiye anayejua kupika loshoro, makande na ndizi nyama, vyakula ambavyo mgeni wa kweli anatoka mbali kuvitafuta. Kama ni chipsi, kwao wanazo.

Wala fedha si kisingizio. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Sheria ya manunuzi nayo imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makundi maalumu. Basi mgahawa wa umma ukigawanywa katika majiko sita au manane yenye paa moja, kila jiko likapewa kikundi kwa mkataba wa miaka michache uliotangazwa hadharani, kuna ugumu gani? Kodi walipe, hilo hatulifichi. Tunawaambia na wanachama wenzetu wanaodhani mali ya umma maana yake ni bure: jiko lisilolipa kodi litakosa wa kuzoa taka, na mwaka wa pili bustani itarudi kuwa jalala, na maadui wa makabwela watasema, mwaona?

Kinachotutisha zaidi ni mkataba wa faragha: bwana mmoja, miaka thelathini na mitatu, uzio wa senyenge, na mlinzi mlangoni anayetazama viatu vyako kabla ya uso wako. Uzio huo ukisimama, kuung'oa kutachukua kesi za miaka mingi, na wajukuu wetu watalipia mawakili.

Kwa hiyo matawi ya Levolosi, Kaloleni, Ngarenaro na Sekei yafanye hivi kabla ya mkutano wa mtaa unaofuata. Wateuliwe watu wawili wawili, mmoja mwenye kusoma na kuandika vizuri. Wachukue kamba ya mita 60, waipime kutoka ukingoni, na waandike kila kilichomo ndani yake: kibanda, ukuta, gereji, hoteli, bila kumwogopa mwenye mali wala kumwonea mnyonge. Waandike pia mahali ambapo njia ya miguu imezibwa, na nani aliiziba. Karatasi isomwe mkutanoni, iingizwe katika muhtasari, nakala moja apewe diwani na nyingine iletwe ofisi ya Chama ya kata. Asiye na kamba aje kwetu ofisini. Tunayo moja, imefungwa fundo kila baada ya mita 10.