Nyigu Kawakosea Nini?

Wiki iliyopita jirani yetu huku Kimara kafunga kitambaa kwenye ncha ya fito, kakimwagia mafuta ya taa, kakiwasha, halafu kaunguza kiota cha nyigu kilichoning'inia chini ya paa la jiko letu la uwani. Hakuuliza mtu. Eti anatusaidia! Cheche zikashika makuti. Tulizima kwa ndoo za maji, na mle jikoni ndimo lilimokuwa sanduku la madaftari manne ya riwaya yangu, kazi ya miaka miwili. Daftari la tatu limelowa lote, wino umekimbia.

Sasa nauliza: pale hatari ilikuwa nyigu au kiberiti?

Kiota kile kilikuwepo toka masika. Nimepika chini yake, nimeandika chini yake. Nimeumwa mara moja tu, tena kosa langu, nilikigonga kwa mpini wa ufagio. Nyigu hamfuati mtu njiani kutafuta ugomvi. Analinda watoto wake, basi. Nakubali, kiota kikiwa mlangoni wanapopita watoto, au nyumbani mna mtu ambaye akiumwa huvimba na kukosa pumzi, kiondolewe. Nyigu haachi mwiba mwilini kama nyuki, anaweza kudunga tena na tena, na wapo watu waliokufa. Lakini kiota cha uwani, karibu na mchicha?

Kaa kwenye tuta asubuhi umtazame. Anapita jani kwa jani, anakamata kiwavi, anamtafuna mpaka anakuwa donge, anawapelekea watoto. Yule dondola wa tope, anayefinyanga vijumba ukutani, huwinda buibui. Anawadunga wanapooza, anawafungia ndani pamoja na yai lake. Vibarua wa bure hawa! Tunawachoma moto, kisha tunakimbilia dukani kununua sumu ya viwavi, tuipulizie mchicha, tuile.

Mnabisha? Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, akaanza kumaliza mihogo, chakula cha mamilioni ya watu. Aliyemshinda ni nyigu mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, aliyetolewa Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, baadaye katika nchi nyingine nyingi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu hakupewa kitu.

Na sisi waandishi chipukizi ndio wabaya zaidi. Nyuki tunamtungia mashairi kwa kuwa ana asali. Nyigu akitokea kwenye hadithi zetu, basi ni mke mwenza mwenye mdomo mkali. Msichana tukimpenda tunamsifia kiuno cha nyigu. Mwenye kiuno chenyewe tunammwagia mafuta ya taa! Halafu kiota kile kilikuwa karatasi, jamani. Nyigu anakwangua mti mkavu, anautafuna na mate yake, anautandaza mwembamba. Mimi karatasi nakopa dukani.

Daftari la tatu nimelianika kambani. Jana nyigu watatu waliosalimika wameanza kikonyo kipya kwenye boriti, upande ule usioungua. Jirani kaja kuuliza kama tuna kiberiti. Nimemwambia hatuna.