Mama naye amefunga



Futari ya wageni hapa Busia hukusanya jamaa wa pande zote mbili za mpaka, na wengine hutoka Tororo. Magharibi inaadhiniwa, wageni wanafungua kwa tende, na mama mwenye nyumba bado yuko mbele ya karai la mafuta. Kumfuturisha aliyefunga kuna ujira mkubwa, lakini mpishi naye amefunga!

Dawa ni kutanguliza kazi. Siku mbili kabla, nyama ya sambusa ikaushwe vizuri na ipoe kabisa, kwani ikiwa moto hulowesha manda. Baba na watoto wasaidie kukunja. Zigandishwe mbichi, zikaangwe nusu saa kabla ya adhana bila kuyeyushwa. Umeme ukikatika zikayeyuka, zisigandishwe tena. Zikaangwe siku hiyo hiyo. Asiye na friza aandae manda jana yake, nyama apike siku yenyewe. Kachumbari iwe ya mwisho, isitoe maji.

Ukarimu usiomwachia mama nafasi ya kufuturu na kuwahi swala una kasoro. Tujirekebishe.