Eti tutachanganyikiwa!

Bado niko TP huku Bomani, Tarime. Leo nina neno na wale jamaa wanaosimamia mifumo ya kompyuta vyuoni.

Chuoni kwetu notisi tunazisoma kwenye Moodle, ile programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002. Ndani yake kuna vichujio, yaani viongezo vidogo vinavyobadilisha namna maandishi yanavyoonekana bila kuyagusa yenyewe. Kimoja ni cha lugha. Mwalimu anaandika aya ileile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mwanafunzi anachagua lugha kwenye menyu, anaiona hiyo moja tu. Ukikizima hakuna kinachopotea, zote mbili zinatokea pamoja.

Kichujio hiki kinakuja na Moodle yenyewe, bure, ila mpaka msimamizi akiruhusu. Tulipoomba tukajibiwa eti mambo ya kuchagua yakiwa mengi mtachanganyikiwa.

Hivi jamani, achanganyikiwe nani? Mtoto wa huku nyumbani anaongea Kikurya, shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Sisi wengi tumepita humohumo. Mtu aliyevuka lugha tatu kabla ya kufika chuo ndo ashindwe kubofya menyu?

Kuna na wale wa upande wa pili: kama ni kizuri, basi kiwashwe kwa wote, kwa lazima. Nao siwaungi mkono. Kila kichujio kinaiongezea seva kazi, na mwalimu asiyeandika kwa lugha mbili hakihitaji.

Moodle yenyewe imeshamaliza ubishi huu. Kichujio kinaweza kuwashwa kwa wote, kufungwa kabisa, au kuzimwa lakini kikabaki tayari, mwalimu anayekitaka akakiwasha kwenye kozi yake tu. Hii ya tatu ndiyo ninayoidai. Wengine wala hawataona tofauti. WordPress nao, Desemba 2018, toleo 5.0 lilipobadilisha ukurasa wa kuandikia, waliopenda ule wa zamani waliwekewa kiongezo cha Classic Editor. Anayetaka anaweka, asiyetaka anaacha, na maisha yakaendelea.

Najua swichi haitaandika notisi. Kuandika kitu kimoja mara mbili ni jasho, na jasho hilo ni letu walimu. Lakini nani atajisumbua kuandika Kiswahili wakati anajua zote mbili zitarundikana kwenye ukurasa mmoja?

Programu ni huria kwa sababu anayeitumia ana haki ya kuibadilisha. Haki hiyo ikiishia mezani kwa msimamizi mmoja, kwetu sisi imebaki jina tu. Weka kifurushi cha Kiswahili, acha kichujio tayari, mwachie mwalimu aamue.

Nawasilisha. Mnasemaje wadau?