Baklava ya nyumbani: ukipika mwenyewe, utajua unachokula

Kila sikukuu inapokaribia, wagonjwa wa kisukari huniuliza swali lile lile: "Daktari, hata kipande kimoja siruhusiwi?" Jibu walilozoea kupewa ni fupi: acha vitu vitamu. Sikubaliani nalo. Anayekatazwa kila kitu mara nyingi haachi kula, anaacha kusema. Anakuja kliniki sukari imepanda, anaapa hajagusa kitu, na daktari anaongeza dawa. Sikukuu ikipita, akarudi kwenye ugali na mchicha wake, dawa ile ile iliyoongezwa inaweza kumshusha sukari hadi aanguke.

Ndiyo maana leo nazungumzia baklava. Hapa Kinyerezi, kama ilivyo Segerea na Tabata, sasa inaagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni kwa bodaboda, ikiwa kwenye boksi moja na visheti na vileja. Wagiriki, Waturuki na Walebanoni kila mmoja anasema ni yake. Wagiriki si wageni kwetu. Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja unabeba jina la Mgiriki, George Arnautoglu, aliyetajirika kwa mkonge. Na chakula chenyewe si kigeni sana: ni manda, njugu na shira. Anayejua kusukuma manda za sambusa na kuchemsha shira ya kaimati ameshajua zaidi ya nusu ya kazi.

Maoni yangu ni haya: familia yenye mgonjwa wa kisukari ikitaka baklava, iipike nyumbani. Ya nyumbani nayo ina sukari, lakini aliyeipika anaweza kuihesabu.

Tuhesabu

Mapishi mengi ya trei moja hutaka vikombe viwili vya sukari, yaani gramu 400 hivi, na nusu kikombe cha asali. Ukikata vipande 24, kila kimoja kinabeba takriban gramu 22 za sukari, sawa na vijiko vitano na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50, au 25 kwa kiwango cha chini. Kipande kimoja tu kinakaribia kumaliza hicho cha chini, na bado hujanywa chai.

Asali imo kwenye hesabu hiyo. Wengi huniambia asali ya Tabora ni ya asili, hivyo haina neno. Ni nzuri, lakini kwenye damu ya mwenye kisukari ni sukari.

Sasa punguza. Tumia kikombe kimoja cha sukari na vijiko viwili vikubwa vya asali, kisha kata vipande vidogo 36. Kila kipande kinabaki na gramu sita na nusu hivi, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Utamu unaopungua utaufidia kwa mdalasini, hiliki na maganda ya limau.

Namna ya kupika

Chemsha sukari, asali, robo tatu ya kikombe cha maji, viungo na matone ya limau kwa dakika kumi, kisha iache shira ipoe kabisa. Saga korosho au karanga gramu 300, usiweke sukari ndani. Funika manda kwa kitambaa kibichi zisikauke. Panga manda nane chini, mwaga njugu, panga nane juu. Paka siagi au samli kidogo kwa brashi kila baada ya manda mbili. Haina haja ya kuogelea. Epuka mafuta ya mgando ambayo lebo yake inasema yameongezwa haidrojeni, kwa sababu mafuta ya aina hiyo yanaweza kuleta madhara kwenye moyo.

Kata vipande kabla ya kuoka, maana ikishaiva itavunjika. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 40 hadi 50, mpaka iwe rangi ya dhahabu. Asiye na oveni aweke mkaa mchache chini na mwingi kidogo juu, kama anavyooka keki. Ikitoka ya moto, mwagia shira iliyopoa. Moto ukikutana na baridi, shira inanyonywa na manda za juu zinabaki kavu.

Karanga zichague kwa macho kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku. Zinaweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, safari hiyo kutokana na mahindi.

Kwa wazazi

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe baklava yenye asali, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kulegea mwili kwa mtoto mchanga, na kuipika jikoni si kinga. Chini ya miaka mitano, njugu zisagwe laini kabisa. Nzimanzima hupalia na kuziba njia ya hewa. Mtoto akivimba midomo, akitoka vipele au akikohoa na kupumua kwa shida baada ya kula njugu, mpeleke hospitali mara moja. Na shira inanata kwenye meno: ale baada ya chakula kisha apige mswaki, asitembee na kipande mkononi siku nzima.

Kwa mwenye kisukari

Kipande kimoja kidogo, baada ya chakula, siku ya sikukuu. Siku hiyo punguza wali au chapati, kwa sababu manda ni ngano na ngano nayo inageuka sukari. Usiache dawa, na usijiongezee insulini kwa kubahatisha. Pima saa mbili baada ya kula, andika, uje na daftari. Na sukari ikishuka, usitibu kwa baklava. Mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Kunywa maji yenye sukari au soda ya kawaida.

Wapo wenzangu watakaosema namfungulia mgonjwa mlango. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu tisa kati ya kila 100 wenye miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Watu wengi kiasi hicho hawataishi miaka yote bila Idi, Krismasi wala harusi. Mimi ni afadhali nimtibu anayeniambia "nilikula kimoja, sukari ilifika hapa" kuliko anayeniambia "sijala kitu" huku daftari lake ni tupu.