Pakiti za vyakula zituzungumzie Kiswahili

Majuzi nilimnunulia shangazi yangu boksi la unga wa keki uliochanganywa tayari, bidhaa ya Marekani. Shangazi ameoka mkate wa mayai kwa makaa ya juu na chini tangu ningali mtoto, lakini safari hii alitamani keki ndogo za vikombe, zenye jemu ndani na krimu juu. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, naye akanikabidhi boksi niwe mkalimani.

Nilisoma kwa kujiamini: mayai matatu, mafuta, maji kikombe kimoja, joto 350. Kirekebisha joto cha joko letu hukomea 250. Nikakizungusha hadi mwisho. Baada ya robo saa keki zilikuwa zimeungua juu, mbichi ndani, hata pa kutia jemu hapakuwapo.

"Mwanangu," akasema shangazi, "umesoma hadi ukaitwa daktari, na boksi la unga limekushinda?"

Kumbe 350 hizo ni za kipimo cha Fahrenheit, sawa na 177 hivi za Selsiasi tunayoitumia sisi. Kikombe nacho ni cha Kimarekani, cha mililita 240 hivi, wala si kikombe chetu cha chai. Kutafsiri maelezo ya upishi, basi, ni pamoja na kumtafsiria mpishi vipimo.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Dai hilo halina mashiko. Mpishi wa Lamu au Mombasa huchunga unga, hupiga mayai yakaumuka, hukoroga, husonga, hukanda, na kila kitenzi kina kazi yake. Mwambie asiuvuruge mno unga usije ukawa mgumu, aziache keki zipoe, azichimbe katikati kwa kijiko, atie jemu, ndipo apake krimu, ataelewa. (Neno aisingi tumekwisha kulikopa, na si aibu.)

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Haki hiyo itatimizwaje kwa lugha asiyoisoma? Keki kuungua ni hasara ndogo. Mzazi ambaye mwanawe hudhurika akila njugu huitafuta habari hiyo kwenye boksi lilo hilo, kwa herufi ndogo zaidi.

Waagizaji wabandike japo kikaratasi cha Kiswahili. Shangazi yuko tayari kukisahihisha cha kwanza.